Siku Mkarimu Alipopokea

Katika mji ule kila kitu kilikuwa kimetolewa. Hakuna aliyejenga akasema hiki nimekijenga, hakuna aliyerithi akasema hiki ni cha baba. Maji yalitolewa. Majina ya watoto wachanga yalitolewa. Hata siku zilitolewa: watu waliamka, wakakaa vibarazani wamefunga midomo, wakangoja mjumbe apite akitangaza, "Leo mmepewa Jumanne!" ndipo waanze kupika, kuuza na kugombana. Upo wakati walipewa Jumanne juu ya Jumanne, na bwana harusi mmoja aliyeahidiwa Alhamisi akaota mvi akiwa bado amevaa kilemba cha harusi. Ilikuwa karne ya kumi na tisa, wanasema, ingawa karne nayo iligawiwa watu kwa kipimo, na ng'ambo ya soko walikuwepo ambao hawajamaliza ya kumi na tatu.

Mtoaji wa vyote hivi aliitwa Mkarimu. Zamani alikuwa na jina jingine, lakini alimpa mtu, na mtu huyo akafa nalo. Hakuwa katili. Hilo lisemwe mapema, maana wasikilizaji wa habari za watawala hupenda kusikia viboko na minyororo, na katika mji ule hapakuwa na kiboko hata kimoja. Palikuwa na sheria moja tu, na Mkarimu mwenyewe ndiye aliyeitunga: kitu kikitolewa mbele za watu, anayepewa hana ruhusa ya kukikataa. Basi. Mji mzima uliegemea sheria hiyo kama paa juu ya nguzo moja. Ukipewa, unapokea. Ukipokea, unashukuru. Ukishukuru, umeshakuwa mdogo, na mdogo hana kazi nyingine isipokuwa kungoja apewe tena.

Katika vyote alivyotoa, alichopenda zaidi kutoa ni milango. Milango mizito ya nakshi, yenye misumari ya shaba. Kila nyumba ilikuwa na mlango wa Mkarimu, na kwa kuwa mlango ulikuwa wake, yeye na watu wake hawakupiga hodi. Nani anapiga hodi kwenye mlango wake mwenyewe? Walisukuma, wakaingia. Waliwakuta watu wanakula, wanalia, wanaoga, wanapendana. Walitoa walichokuja kutoa, wakashukuriwa, wakaondoka.

Ndivyo walivyoingia kwa Mwanatumu. Alikuwa ndani ya eda, harufu ya mumewe bado imo kwenye mto, ameketi juu ya mkeka kichwa wazi, nywele zimefumuliwa. Mlango ukafunguka. Wanaume, na sinia la halwa mikononi: pole kutoka kwa Mkarimu. Walisimama pale na sinia lao, wanamtazama, wanangoja neno. Naye Mwanatumu, kichwa wazi mbele ya wanaume wasiomhusu, akasema ahsante.

Habari ile ikamfikia Shekue, mtoto wa kaka yake. Alikuwa kijana mchonga vitana, mwenye kiburi kilichowachosha hata waliompenda, na mashairi aliyojifundisha mwenyewe kwa kuhesabu mizani kwenye meno ya vitana vyake. Kitu kimoja kilimkwama kooni. Si halwa. Si wale wanaume. Ni lile neno ahsante.

Eda ilipokwisha, akaenda kumwita Mkarimu kwenye mchezo wa sataranji.

*

Mkarimu alicheza na yeyote aliyetaka, uani kwake, mchana kweupe. Lakini kabla mchezo haujaanza aliinua ngome yake moja kutoka kibaoni, akaiweka kiganjani mwa mgeni. "Chukua," husema. "Nitacheza bila hii." Hiyo ndiyo hisani yake. Waliomshinda walikuwepo, tena si wachache. Walirudi makwao wameinama, kwa sababu kila mmoja aliulizwa njiani, "Umemshinda?" na kila mmoja akajibu, "Ameniachia." Hapakuwa na tofauti kati ya kumshinda Mkarimu na kushindwa naye. Na hiyo, ukiifikiria vizuri, ndiyo ngome imara kuliko zote. Ngome nyingine hujivunia kwamba haibomoki. Hii ukiibomoa, inahesabiwa kwamba umepewa mawe.

Kabla ya mchezo, Shekue na Mkarimu walikutana sebuleni kwa Mkarimu, wawili tu.

"Ukishinda unataka nini, kijana?"

"Mlango wa shangazi yangu. Siutaki ubao wake, nataka haki yake. Wewe na watu wako mpige hodi, na msipojibiwa mrudi mlikotoka."

"Na ukishindwa?"

"Ulimi wangu ni wako. Nitakaa barazani pako nikutungie sifa mpaka nife."

Mkarimu alicheka kwa upole, kama mtu anayemcheka mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. "Jambo dogo. Ningeweza kukupa hilo bila mchezo."

"Najua," alisema Shekue. "Ndiyo maana nataka tucheze."

*

Ua ulijaa. Waliokosa nafasi walipanda juu ya kuta, na kwa kuwa wengi hawakuweza kukiona kibao, Zahran mnadi alisimama juu ya benchi ili ataje kwa sauti kila kete inakokwenda. Mwanatumu alikaa nyuma ya mpwa wake, amejitanda, uso umekaza. Ilikuwa Jumamosi, au ilikuwa imetangazwa hivyo.

Mkarimu aliketi. Siku hiyo alionekana mtu wa makamo, ndevu nyeusi, mkono mzito wenye pete. Aliinua ngome yake, akainyoosha kuelekea kwa Shekue, akangoja kiganja.

Kiganja hakikutokea. Shekue alikuwa ameikalia mikono yake.

"Pokea," alisema Mkarimu.

"Sheria yako inasema kilichotolewa hakikataliwi," alijibu Shekue. "Lakini kutoa kunakamilika kitu kinapogusa kiganja. Hapa pana kiganja?"

Mnong'ono ulizunguka ua. Mkono wa Mkarimu ulibaki hewani, na ngome ndani yake.

"Ana jipu mkononi huyo, masikini," alisema Mwanatumu kwa sauti ya kusikika hadi ukutani. "Irudishe ngome mahali pake, bwana, usije ukachoka bega."

Mtu mmoja alicheka, kisha akajiziba mdomo. Shekue hakucheka. Alimtazama Mkarimu machoni, akatoa ubeti aliokuja nao:

Sikuja nihurumiwe, wala sitaki hisani,
Ngome yako sipatiwe, irejeshe kibaoni,
Ni mimi nitoe niwe, mtoaji hadharani,
Pokea usichaguwe, uone na wewe soni.

Mkarimu aliirudisha ngome. Ilipogonga kibao, mlio wake ulikuwa mdogo kuliko watu walivyotarajia. Ndipo Shekue alipoitoa mikono chini ya mapaja yake, akainyoosha vidole vilivyokufa ganzi, akaanza.

Kibao cha sataranji ni nyumba ya vyumba vingi visivyo na milango. Hakuna anayepiga hodi humo. Anayeingia humwondoa aliyemkuta, akakaa yeye, na aliyeondolewa hana mahali pa kushtaki. Shekue alikuwa amekikodolea macho kibao kama hicho usiku na mchana karakanani, mkono wa kulia ukicheza dhidi ya wa kushoto, mpaka swali moja likamwota kichwani kama jino jipya. Mkubwa ni nani, anayetoa au anayepokea? Mji mzima ulijibu bila kufikiri: anayetoa. Mkarimu ni mkubwa kwa kuwa anatoa. Basi, alijiambia Shekue, ikiwa ukubwa umo katika kutoa, haumo katika mtu. Umo katika tendo. Na tendo halina mwenyewe. Anayeweza kulitenda ni yeyote mwenye kitu anachokipenda na moyo wa kukiachia. Mkarimu hakuwahi kutoa kitu anachokipenda. Alitoa ngome, kwa sababu alikuwa na mbili, na kwa sababu ilirudi.

Shekue alianza na askari wa mfalme, vyumba viwili mbele. Mkarimu akamjibu hivyo hivyo, askari kwa askari, wakatazamana katikati ya kibao.

Kisha Shekue akamshika askari aliyesimama mbele ya tembo wa mfalme, yule ambaye kila mcheza sataranji anafundishwa asimguse mapema kwa kuwa ndiye pazia la nyumba ya mfalme. Akamsogeza vyumba viwili, akamwacha mdomoni mwa adui bila mlinzi.

"Askari wa tembo!" Zahran alipiga kelele, kisha sauti ikamkauka. "Askari wa tembo... anatolewa. Anatolewa bure!"

"Kalewa?" aliuliza mtu juu ya ukuta.

"Hajalewa. Hajui."

"Anajua. Mtazame shingo."

Mkarimu alikitazama kile kiaskari. Kilikuwa kipande kidogo cha mti, kichwa mviringo, hakina uso. Angeweza kukiacha. Mcheza sataranji yeyote, katika mji mwingine wowote, angeweza kukiacha na kuendelea na shughuli zake. Lakini kilikuwa kimetolewa mbele za watu. Macho ya ua mzima yalikuwa juu yake, na sheria ilikuwa yake, maneno ni yake, na saini yake imo vifuani mwa watu wote wale. Akanyoosha mkono.

Na mkono haukujua. Ulizoea kukaa juu, kiganja kikitazama chini. Sasa ulifika kibaoni, ukasita, ukajigeuza kama mtu anayetafuta upande wa kulalia. Alimchukua askari. Hapakuwa na mahali pa kumweka, kwa sababu upande wa Mkarimu hakukuwahi kuandaliwa sinia la kuwekea vilivyopokelewa. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, mwishowe akamweka juu ya mapaja, kwenye kitambaa cha kanzu.

"Amepokea," alisema Zahran taratibu. Halikuwa jambo la kunadi. Lilimponyoka tu.

*

(Na yule askari, alipoinuliwa, alisema nini? Shekue alimsikia, au alijisikia mwenyewe.

Mimi nilikuwa pazia. Nyuma yangu mfalme alikuwa amelala.
Hakuniuliza kama nataka.
Aliniuliza? Hapana. Alinishika kichwa, vidole vyake vina vumbi la mti wa kitana.
Mtoaji. Kila mtoaji anamtoa mtu.
Nitoe, lakini nijue ni kwa ajili ya nini. Nitoe, lakini usinisahau ukiwa mkubwa.
Kiti cha kanzu ni laini. Hapa hakuna vita. Hapa hakuna chochote.)

*

Farasi wa Shekue alitoka. Mkarimu alituma askari wake wa pembeni kumfukuza, chumba kwa chumba, mpaka askari yule akawa amemwelekezea farasi kifua. Farasi ilibidi akimbie. Kila mtu aliyejua sataranji uani pale alijua, na asiyejua aliambiwa na jirani yake.

Shekue hakumgusa farasi. Akamchukua mfalme wake, akamficha nyuma ya ngome.

"Farasi, kijana!" mzee mmoja alishindwa kujizuia. "Farasi wako, wee!"

"Nimemwona, baba."

"Umemwona ukamwacha?"

"Nimemtoa."

"Huyu anagawa kama yuko harusini," alisema yule wa ukutani. "Akimaliza kete ataanza kugawa nguo."

Mkarimu alipokea farasi. Alipomweka juu ya mapaja karibu na askari, Shekue aliona kitu ambacho labda wengine hawakukiona. Ndevu za Mkarimu zilikuwa zimepungua. Makunyanzi ya pembe za macho yalikuwa yamefutika. Aliyekaa mbele yake sasa alikuwa kijana wa umri wake mwenyewe, na pete ilikuwa imelegea kidoleni.

Malkia wa Shekue alitoka kwa kasi, akasimama mahali farasi alipofia. Shekue akatoa askari mwingine, yule wa mfalme, wa kwanza kabisa kutoka nyumbani. Akapokelewa. Kisha akamshika tembo, akamrusha moja kwa moja hadi mlangoni pa mfalme, kifua kwa kifua.

"Mfalme ajihadhari!" Zahran alikuwa amesahau woga, sasa alinadi kama mtu anayeuza vitu vyake mwenyewe. "Tembo yuko mlangoni pa mfalme! Anatolewa, na anayepewa ni mfalme mwenyewe!"

Hapa ndipo penye kiini. Mpaka wakati ule, waliopokea kwa niaba ya Mkarimu walikuwa askari wake na malkia wake. Sasa mfalme alilazimika kutoka chumbani mwake kwa miguu yake, amchukue tembo kwa mkono wake, asimame nje. Akatoka. Huyo mfalme wa mti mweusi, mwenye taji la pembe, alikaa sasa katikati ya ukumbi kama mtu aliyefumaniwa akiwa hajavaa. Nyuma yake kete zake zilijazana vyumbani, ngome zote, farasi wote, tembo wote, mali tele, na hakuna hata moja iliyokuwa imeamka. Mtu anayepokea hana nafasi ya kufanya jambo jingine. Mikono yake imejaa. Shekue alikuwa ameligundua hilo karakanani, mkono wake wa kushoto uliposhindwa kwa sababu ulikuwa na vingi.

Mwanatumu aliinama, akamnong'oneza mpwa wake mgongoni. "Shekue, mwanangu. Umebakiza nini?"

"Kidogo, shangazi."

"Kitatosha?"

"Sijui."

Alimsikia akivuta pumzi. Alitarajia dua, au machozi, au maneno ya kumwomba atafute suluhu. Mwanatumu alisema, "Basi kitoe hicho kidogo. Usirudi nacho nyumbani kwangu."

Shekue akatoa askari wa malkia. Malkia mweusi akampokea. Halafu tembo wake wa pili akaja mbele, ngome ikapata njia iliyonyooka kama mtaa uliofagiliwa hadi kwa mfalme aliyeko nje, farasi aliyebaki akaruka ukingoni, na ua wote ukahisi hewa ikibadilika, kama chumba kinavyobadilika mtu anaposimama ghafla. Shekue akauona mkono wake mwenyewe juu ya kibao, kiganja chini, mzito, umetulia. Kwa nukta moja hakujua ni mkono wa nani.

*

Mkarimu alikitazama kibao muda mrefu. Sasa alikuwa mdogo zaidi, kidevu laini, mvulana aliyevaa kanzu ya mtu mzima, na mapaja yake yamejaa kete. Lakini macho yalikuwa yale yale ya zamani, na macho hayo yaliona mwisho. Akainua kichwa. Akatabasamu. Upole wote ukarudi usoni mwake.

"Watu wangu," alisema, "kijana huyu amecheza vizuri. Nami nimependezwa naye. Mbele yenu nyote, nampa ushindi."



Lo, lilikuwa pigo zuri. Akikubali, mlango wa shangazi utakuwa umetolewa kama ulivyotolewa mara ya kwanza, na hodi itakayopigwa itakuwa zawadi, na Mwanatumu atalazimika kuishukuru. Akikataa, amevunja sheria mbele ya mji, na ulimi wake ni wa Mkarimu. Watu walishaanza kupumua. Wengine walishaanza kutikisa vichwa, kwa huzuni na kwa faraja pia, maana jambo walilolijua lilikuwa linarudi. Ameniachia. Hata huyu atasema, ameniachia.

Shekue akanyoosha mkono wake wa kulia juu ya kibao, kiganja kikitazama mbinguni. Ilikuwa mara yake ya kwanza siku hiyo kukifungua.

"Sikatai," alisema. "Weka."

"Niweke nini?"

"Huo ushindi. Kutoa kunakamilika kitu kinapogusa kiganja. Hiki hapa kiganja. Uko wapi ushindi, niushike?"

Mkarimu alitazama kiganja. Kilikuwa na sugu za patasi, na alama nyeupe ya jeraha chini ya kidole gumba. Akayatazama mapaja yake: askari, farasi, tembo. Vyote ni vya Shekue. Akakitazama kibao.

"Tunangoja, bwana," alisema Mwanatumu. "Mtoto mkono utamchoka."

Safari hii aliyecheka hakujiziba mdomo.

"Huna," alisema Shekue, akaufunga mkono. "Hujawahi kuwa nao, ndiyo maana huwezi kuutoa. Mfalme wako amesimama. Cheza."

Na Mkarimu, kwa hasira ya mtoto na akili ya mzee, akacheza. Tusimpunguze: alicheza vizuri kuliko alivyowahi kucheza maishani mwake. Hakuwa na hisani tena ya kujifichia. Aliamsha tembo. Alisogeza mfalme pembeni, penye kivuli cha askari wake. Shambulio la Shekue lilianza kupwaya. Ngome ilikosa chumba kimoja, farasi alikosa kimoja, na mzee yule aliyeshindwa kujizuia akafumba macho asione.

Shekue bado alikuwa na malkia wake. Aliipenda kete ile. Aliichonga mwenyewe kutoka kipande cha mti mweupe alichokusudia kiwe kitana cha mchumba ambaye hajampata, na alikuwa ameomba kucheza nayo. Ngome hutolewa na mwenye ngome mbili. Malkia alikuwa mmoja.

Akamsukuma hadi ubavuni mwa mfalme mweusi.

"Malkia," alisema Zahran, na hakupaza sauti. "Ametoa malkia."

Mfalme mweusi hakuwa na pa kwenda isipokuwa kupokea. Mkarimu alimwinua malkia kwa vidole viwili. Mikono ilikuwa midogo sasa, mikono ya mtoto wa kunyooshewa kitu, na mapaja yalijaa kiasi kwamba malkia aliteleza akaanguka mchangani. Hakuna aliyemwokota. Tembo wa mwisho wa Shekue aliteleza mshazari kutoka pembe moja ya kibao hadi nyingine, akasimama.

Zahran alitafuta neno. Miaka yote hakuwahi kulihitaji, maana kila aliyeshinda aliachiwa. "Mfalme," alisema. "Mfalme hana chumba."

*

Shekue alingoja. Mkarimu alisema, "Nimeshindwa," na lilikuwa neno jepesi, likatoka bila kuumiza mtu.

Ndipo ua ulipolipuka. Walishuka kutoka ukutani, wakakanyaga benchi, wakamwinua Shekue mabegani. Alitegemea vigelegele. Alisikia neno. Kwanza kutoka kwa mmoja, kisha kwa wengi, kisha mtaa mzima: "Mkarimu! Mkarimu!" Hawakuwa wanamwita yule aliyebaki ameketi. Mwanamke alimnyooshea mtoto: mpe jina. Wengine walinyoosha mikono mitupu tu, bila kusema wanataka nini, kwa kuwa mikono ilikuwa imezoea. Na lazima lisemwe, maana hadithi isiyosema hili ingekuwa ya uongo: alifurahi. Ilimpanda kichwani kama moshi wa udi. Kutoka juu ya mabega yale mji ulikuwa mdogo na mzuri, na yeye alikuwa na mengi ya kuupa.

Mwanatumu hakuwepo tena. Alikuwa ameondoka tembo alipotulia, hakungoja neno.

"Twende!" alipaza sauti Shekue. "Mleteni naye! Leo atapiga hodi!"

Wakaenda, msafara mzima, na Mkarimu wa zamani akiburutwa nyuma kwa mkono, kanzu ikimpwaya, akiwa bado ameikunja mbele yake na kete zimo ndani. Walifika. Shekue aliruka kutoka mabegani, akausukuma mlango kwa viganja vyote viwili, akaingia.

"Shangazi! Tumemleta! Anakuja kukupigia..."

Mwanatumu alikuwa ameketi juu ya mkeka. Alikuwa ameuvua mtandio. Kichwa wazi, nywele zimefumuliwa. Nyuma ya Shekue mlangoni palikuwa na nyuso zisizohesabika, za wanaume, zikichungulia juu ya mabega yake.

Hakujifunika. Alimtazama tu.

"Toka," alisema.

"Shangazi, ni mimi."

"Naona ni wewe. Hata waliokuja na halwa niliona ni wao."

"Lakini mimi nimekuletea..."

"Umeniletea," alisema Mwanatumu. "Nao waliniletea."

Shekue alifungua mdomo. Ulimi ule aliouweka rehani na kuukomboa, ulimi wenye ubeti kwa kila jambo, haukuwa na kitu. Kiburi chake, ambacho hakikumwinamia Mkarimu hata kwa upana wa unywele, kilisimama mbele ya mwanamke yule juu ya mkeka, kikatafuta pa kupita, kisipaone.

Akageuka. Akawasukuma watu, si kwa upole, mmoja baada ya mwingine, mpaka kizingiti kikawa kitupu. Akatoka, akaurudisha mlango kwa mikono miwili polepole mpaka ulipogota, akabaki nje akiutazama ubao.

"Vipi, Mkarimu?" aliuliza mtu. "Kakataa?"

"Usiniite hivyo."

"Tukuite nani?"

"Shekue. Nilipewa na mama, kabla mjumbe hajafika."

Akainua mkono, akagonga. "Hodi," alisema.

Ndani kimya. Msafara ukaanza kunung'unika, kisha kupungua; wengine walikumbuka kwamba wana nyumba zao. Mtu aliyekuwa nyuma kabisa alisogezwa mbele na nafasi zilizoachwa wazi, mpaka akawa bega kwa bega na Shekue, mbele ya mlango ule ule. Alikuwa mzee sasa, au mtoto. Kwa mwanga ule haikuwezekana kujua. Aliutazama mlango aliowahi kuutoa kana kwamba hajauona maishani.

"Hodi," alisema Shekue tena.

"Hilo neno," alinong'ona yule mtu. "Mimi sijawahi kulisema. Linasemwaje?"

"Polepole."

"Halafu?"

"Halafu unangoja."

"Asipojibu?"

Shekue hakugeuka. Aliinua mkono kwa mara ya tatu, na miguu yake, aliisikia, ilikuwa tayari kurudi ilikotoka.

"Hodi," walisema.